Nani Alikuwa Nyuma ya Melkiori

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabora, na kusafiri sikupendi. Watu wakisikia Mnyamwezi wanadhani lazima awe na mguu wa safari, eti kwa kuwa babu zetu walibeba pembe mpaka Ujiji kwa miguu. Hao walibeba kwa niaba yangu, nami nawashukuru. Ila mwaka ule nilifunga begi na kupanda gari moshi kwenda Kigoma kwa sababu mama mkwe alisema niende, na mwanamume aliyeoa vizuri anajua kwamba hapo hakuna mjadala.

Mke wangu Generosa na mama yake ni Warundi. Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia kila siku kwa ziwa na kwa mipaka ya nchi kavu, na mama alikuja kukaa kwetu baada ya kupita kambini. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, Melkiori. Kabla ya vita Melkiori alikuwa akishusha ndizi mjini kwa baiskeli kutoka milimani. Vita ilipopamba moto, watu wa msituni walimchukua yeye na wenzake pamoja na baiskeli zao, wakawa kikosi. Hakurudi. Uvumi ukaja kwamba barabarani ilionekana baiskeli yake ikiwa na kiti kitupu chenye damu, yaani alimtupa majeruhi aliyekuwa amembeba, akakimbia.

Mama hakukubali wala hakukataa. Matanga hakuanua. Generosa alipomwambia tumlilie Melkiori tumalize, alijibu, "Nikimlilia naye yu hai, nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Na kama alimtupa mtu, sitaki kumlilia." Basi tukaishi hivyo, nyumba ina msiba usiolika wala kutemeka. Mama akawa anakonda. Generosa alikuwa akiniambia chumbani, "Atakufa hajui, Maganga. Mama yangu atakufa hajui." Siku mteja mmoja aliponiambia kwamba sokoni Mwanga, Kigoma, yuko Mrundi aitwaye Deo anayeziba pancha na aliyewahi kuwa katika kikosi cha baiskeli, sikumficha mama. Alinitazama tu, akasema, "Utakwenda lini?"

Jioni ya Jumatano gari moshi liliondoka Tabora. Safari yenyewe sina la kusimulia, maana nilikaa karibu na mama mmoja wa Kaliua mwenye kuku wanne, na kuku hao walikuwa na maneno mengi kuliko abiria wote. Asubuhi tukapita Uvinza, tukanunua chumvi dirishani kama kila mtu. Baada ya hapo vilima vikaanza, michikichi ikaanza, na gari likawa linajipinda na kushuka.

Saa nne hivi tukafika Kigoma. Pale stesheni reli inaishia, na mbele yake ni ziwa. Nilikuwa nimesikia habari za ziwa hili tangu utotoni nikadhani ni kubwa tu kama bwawa la Igombe likizidishwa. Loh! Nilisimama na begi mkononi mpaka mchukuzi akaniuliza kama ninaumwa. Maji ni ya buluu iliyokolea, na ng'ambo kabisa kuna milima ya Kongo imekaa kimya. Nikawaza watu waliovuka maji yale kwa mitumbwi wakiwa na watoto na magodoro. Mimi nisingeweza, nasema kweli.

Mwanga sokoni sikuhangaika kumpata Deo. Fundi humjua fundi kwa kelele za nyundo. Alikuwa mwanamume mfupi, mpana wa mabega, ameinamia rimu chini ya turubai kati ya cherehani na wauza mitumba. Kama alikuwa na kibali cha kutoka kambini au hana, mimi si polisi. Kilichonisimamisha ni baiskeli iliyoegemea nyuma yake. Fremu ilikuwa imeongezewa bomba la pili juu hadi chini. Keria ilisukwa kwa nondo. Spoki za nyuma zilikuwa mbili mbili kila tundu. Na breki hakuna, mbele wala nyuma!

"Unasimamaje?" nikamuuliza, hata salamu nilisahau.

"Kwa kandambili," akasema, akanionyesha soli iliyolika. "Unakanyaga tairi la nyuma kwa kisigino. Mlimani kule, mzigo wa ndizi ukikusukuma, breki za dukani zinayeyuka. Amahoro, mzee. Karibu."

Tulikunywa chai. Nilipomwambia mimi ni shemeji yake Melkiori aliweka kikombe chini. Kisha akanieleza habari za kikosi, na mimi nilimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Walikuwa vijana wa ndizi wote, akasema. Kazi yao ilikuwa kupandisha chumvi, dawa na mahindi kwa wapiganaji, na risasi pia, hilo hakulificha. Kushuka walishusha majeruhi mpaka ziwani, ambako mitumbwi iliwapokea. Walitembea alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya milima, kwa mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu, kwenye njia za ng'ombe. Ulimi wa kengele ulifungwa kitambaa. Ukungu ukiwa mzito humwoni hata aliye mbele yako. Unafuata sauti ya mnyororo wake.

"Na kugeuka ni marufuku," Deo akasema. "Ukigeuka na mzigo ule kwenye mteremko, umekwenda bondeni."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sijui."

"Hujui! Kikosi chako mwenyewe?"

"Mzee, kila mtu alijua majina ya watu wawili tu, wa mbele yake na wa nyuma yake. Ukikamatwa, utataja wawili. Na kulikuwa na kiapo. Aliye nyuma yako ndiye mwenye habari zako. Ukianguka yeye anaona, na yeye ndiye anayekwenda kwenu kusema kwa mdomo wake, si kwa kutuma mtu. Wa mwisho kabisa, tuliyemwita mkia, hana wa nyuma, kwa hiyo habari zake anazibeba aliye mbele yake."

Nikauliza, "Na Melkiori?"

"Melkiori alikuwa nyuma yangu," akasema Deo, macho yake yakalowa. "Habari zangu mimi alikuwa azibebe yeye. Zake anazo mkia, na jina la mkia sikuwahi kuambiwa. Siku ya mwisho, njia ya mlima inapogawanyika, mnyororo wa nyuma yangu ulinyamaza. Sikugeuka. Ziwani nikasikia habari ya kile kiti kitupu." Akafuta uso kwa kiganja. "Niliamini, mzee. Mungu anisamehe, niliamini."

Kisha akanipa kitu kimoja cha kushika. Huko Kasingirima, Ujiji, alikuwapo mtu wa mguu mmoja aitwaye Nestori, ambaye aliwahi kusema kwamba alibebwa na kikosi siku ile ile ya mwisho. Alibebwa na nani, Deo hakuuliza.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Tuliapa tusiulizane," akasema. Halafu akaongeza, "Na niliogopa jibu."

Alhamisi mchana Deo aliniazima ile baiskeli niende nayo Ujiji. Miaka yote nimepanda baiskeli, lakini ile nilipanda kwa adabu. Ilikuwa nzito, haikuyumba hata kidogo, na kwenye miteremko nilikanyaga tairi kwa kisigino nikiomba dua zote ninazozijua. Niliwaza kufanya vile kwenye mlima, ndani ya ukungu, mtu anayevuja damu akiwa mgongoni, na wewe huruhusiwi hata kugeuka. Nilishuka nikatembea sehemu iliyobaki.

Kasingirima nilielekezwa nyumba ya udongo yenye nyavu ukutani. Nestori alikuwa kibarazani anafuma wavu, mguu wa kushoto umeishia gotini. Mkewe, Mha wa pale pale, alinipa kigoda, akaniletea ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kabla hajaniuliza jina. Nikala kwanza. Mtu akikukirimu hivyo huanzi na maswali ya msiba.

Nilipomtaja Melkiori, Nestori aliacha kufuma.

"Wewe ni nani kwake?"

"Nimemwoa dada yake. Mama yake yuko kwangu. Anataka kujua kama mwanawe alimtupa mtu."

"Alimtupa nani?" Sauti ilimpanda mpaka mkewe akatoka ndani. "Mtu mwenyewe ni mimi! Mimi hapa! Nimetupwa?"

Akaomba maji, akanywa, ndipo akasimulia. Majeruhi katika kikosi kile walifungwa kwenye kiti cha mianzi juu ya keria, mgongo kwa mgongo na mwendeshaji, wakitazama walikotoka. Yaani katika mstari mzima ule, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kugeuka, walioona nyuma walikuwa majeruhi peke yao. Siku ile Nestori alikuwa kwenye baiskeli ya Melkiori, na nyuma yake aliyemwona ni mkia, kijana aitwaye Sirili. Mkia hapewi mzigo. Kazi yake ilikuwa moja tu. Askari wakifuata, anafungua kitambaa cha kengele, anachukua njia nyingine, anapiga kengele ili wamfuate yeye.

"Tulipofika njia panda tukasikia viatu vya askari chini kwenye mawe," Nestori akasema. "Nikamwona Sirili amesimama. Mkono uko kwenye kengele, haufungui. Mtoto yule alikuwa anatetemeka, mzee, hata mimi mwenye mguu uliooza nilimhurumia. Melkiori akasimama. Hakugombana. Alinifungua kwenye kiti, akanifunga kwa shuka kwenye keria ya Sirili, haraka haraka kama anafunga ndizi. Akasema, 'Nipe mkia. Wewe una miguu mizuri, mfikishe huyu.' Sirili akaondoka na mimi. Nami nilikuwa natazama nyuma. Niliona Melkiori anafungua kitambaa. Akapanda njia ya juu, na kile kiti kitupu nyuma yake. Kisha ukungu ukafunga, nikabaki naisikia kengele. Ilipanda, ikapanda. Viatu vyote vikaifuata."

Machozi yalinitoka mbele ya mke wa watu na sikuona aibu.

"Sirili yuko wapi?" nikauliza baadaye.

"Ilagala. Anabeba mawese kwa baiskeli. Huniletea kidumu akipata boti, anakiweka pale, anaondoka. Siku ile hatujaizungumza hata mara moja."

Ijumaa asubuhi niliiacha baiskeli kwa Nestori, nikapanda boti la mota mwaloni Ujiji, zinapotua boti za wavuvi, kati ya magunia na wanawake waliokwenda kununua dagaa. Tulifuata ufuko kuelekea kusini. Maji yalikuwa matulivu na maangavu mpaka unaona mawe chini. Nikipenda kukueleza uzuri wake nitashindwa, kwa hiyo niseme tu kwamba hata wale wanawake, wanaopita pale kila wiki, waliacha soga wakatazama. Kabla ya adhuhuri tukaona maji yamebadilika rangi, mto Malagarasi unaingiza tope lake ziwani. Hapo ndipo Ilagala.

Sirili nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anashuka kilima na madumu ya mawese pande zote mbili na mengine juu, kisigino kwenye tairi, shingo imekaza mbele. Hakugeuka alipoitwa na watoto, hakugeuka alipoitwa na mwanamke. Alisimama miguuni pangu. Kijana mrefu, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile.

Nilijitambulisha. Alishusha madumu moja moja, akayapanga, akayapanga tena.

"Nestori amekwambia," akasema.

"Ameniambia aliyoyaona. Wewe una yaliyobaki."

"Nilirudi siku ya tatu," akasema akitazama chini. "Nilipofikisha majeruhi ziwani, nilirudi. Nilimkuta. Nilimzika mwenyewe, kwa mikono na jembe la kuazima, penye mianzi juu ya kijito. Mahali napajua. Hata leo napajua."

Basi alikuwa amekufa. Nilikuwa nimelijua hilo tangu Kasingirima, lakini kulijua na kuambiwa ni vitu viwili. Nikakaa juu ya dumu.

"Sasa kwa nini hukuja?" nikamuuliza. "Siku ile mkia alikuwa yeye, na wewe ulikuwa mbele yake. Habari zake zilikuwa zako. Mama anakonda nyumbani kwangu, wewe unapanga madumu!" Nilikuwa nimepandisha sauti. Hasira yangu huja upesi, watu wa Tabora wananijua.

"Nitamwambia nini?" Sirili akasema. "Kwamba kifo kile kilikuwa changu, mwanao akakichukua? Unaweza kusema hivyo mbele ya mama wa mtu? Chukua wewe hizo habari. Umeshazijua zote."

Niseme ukweli, nilishawishika. Habari nilikuwa nazo, boti lilikuwa linarudi, na mama angepata jibu lake. Lakini nilikumbuka maneno ya Deo kuhusu kiapo, nikajiona mimi, mtu wa kuziba pancha, nimebeba begani kitu ambacho watu wale walikifia.

"Mimi sikuwa kwenye mstari," nikamwambia. "Nitalala hapa. Boti la kesho asubuhi nitapanda. Wewe utajua mwenyewe."

Nililala kwa mzee mmoja mvuvi, jirani yake, ambaye hakuniuliza lolote ila kama ninaona baridi. Jumamosi asubuhi nilifika mwaloni mapema nikakaa juu ya gunia. Boti likajaa. Mwenye boti akaanza kuita wa mwisho. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, tena nimemtukana moyoni matusi yote ya gereji, nikaona ile kofia ya sufu inashuka. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa na mfuko mdogo wa plastiki na shati jipya. Akapanda, akakaa nyuma yangu.

Gari lilikuwa la Jumapili jioni, tukapita kwanza Mwanga kurudisha baiskeli. Deo alipomwona alisimama na nyundo mkononi. Nilimweleza Deo yote, kwa kuwa Sirili hakuweza. Akaacha vyombo vyake chini ya turubai, akatusindikiza hadi stesheni, akamshika Sirili mkono mpaka gari lilipotikisika. "Mwambie mama nilikuwa mbele yake," akasema dirishani. "Mwambie sikugeuka, na ndiyo maana sikumwona."

Jumatatu tulifika Tabora. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Generosa alimwona Sirili nyuma yangu, akaelewa nusu, akaketi chini pale pale. Sirili alipiga magoti, akampa mama mikono miwili, akasema kwa Kirundi jina la baba yake na kijiji chake. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Mama, mkia nilikuwa mimi. Nilishindwa kufungua kengele. Melkiori akachukua nafasi yangu." Akasimulia yote bila kujitetea, mpaka mianzi na kijito.

Mama aliweka ungo chini. Kuku wakaanza kula ule mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Alikupa majeruhi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikwambia umfikishe."

"Ndiyo."

"Ulimfikisha?"

"Nilimfikisha. Yuko Kasingirima. Anafuma nyavu. Ana mke."

Mama akafumba macho. Nilidhani ataanguka, nikasogea. Hakuanguka. Alilia, mara ya kwanza tangu aje kwangu, sauti ambayo majirani waliisikia wakaanza kuja mmoja mmoja na khanga mabegani, na Generosa akalia naye. Mimi nilitoka nje nikaenda kufungua gereji, nikaifunga tena.

Nilichojifunza nitakisema kama fundi. Nimezoea kuitazama baiskeli kwa mbele, usukani umenyooka, gurudumu halichezi. Wale vijana walinifundisha kwamba mtu anaweza kwenda mbele maisha yake yote, shingo imekaza, na huku roho yake yote iko nyuma kwenye njia panda fulani. Nimemwona mmoja. Sasa mteja akija anapotea potea katika maneno, namwachia kigoda, namsikiliza.

Siku ya nne mama aliagiza maji ya moto na wembe mpya. Kwao matanga yakianuliwa wafiwa hunyolewa, jamaa wa damu tu, na wa kwanza ni yule mwenye msiba mkubwa kuliko wote. Tukakaa uani. Generosa alimwekea mama kigoda katikati, na mama akakisogeza, akaenda kumshika Sirili aliyekuwa amejibanza ukutani na mfuko wake tayari kuondoka. Akamkalisha pale. Akamvua ile kofia kwa mkono wake mwenyewe. Nywele zilikuwa hazijakatwa tangu milimani. Mama akachovya wembe, akamwinamisha kichwa taratibu, akaanza na yeye.